Nguzo Tano za Bwana Thirkettle

Jumatatu, 6 Juni 1774
Nimechoka na mambo ya Lavenham. Jirani huyu amesimamisha nguzo nne nyeupe mbele ya mlango wake, eti ndivyo Warumi wa kale walivyojenga. Tangu hapo kasisi anakula kwake kila Jumapili. Kwetu haji mtu. Dorcas, mke wangu, anaandaa meza kubwa kwa mazoea tu. Nyumba yetu ni ya matofali mekundu, aliijenga babu, na kwa mbali watu hudhani ni ghala la shayiri. Nami nitaweka nguzo. Zangu tano.

Jumatano, 8 Juni
Seremala ameleta magogo ya msonobari. Mawe yangechelewa. Magogo tutayapaka rangi nyeupe na kuyanyunyizia mchanga, yafanane na mawe. Dorcas akauliza nguzo ya tatu itakaa wapi. Katikati, nikamwambia. Akauliza, na mlango uko wapi? Nikamjibu kwamba Warumi hawakusumbuliwa hivi na wake zao.
"Haya, baba," akasema, akarudi kwenye sindano yake.

Jumatatu, 27 Juni
Zimesimama. Ukiwa kule malishoni, zinapendeza mno. Ukisogea, nguzo ya tatu imeziba mlango. Mimi napita ubavuubavu, tumbo nimelivuta ndani. Dorcas na gauni lake hapiti kabisa.

Jumapili, 3 Julai
Nimewaalika kasisi na Lavenham waje waone. Nikasimama mlangoni na wigi jipya. Kasisi, mtu wa tumbo kubwa, akajaribu kupita upande wa kulia, akajaribu wa kushoto. Lavenham akauliza kwa upole kama Warumi wangu walikuwa wakiingilia dirishani.
"Piteni huku jikoni, jamani," Dorcas akawaita. "Nyama inapoa."
Wakaenda. Mimi sikwenda. Siwezi kufika mezani kwangu kwa njia ya watumishi. Nikakaa nyuma ya nguzo, nikisikia vicheko. Cha Dorcas kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Sikukumbuka kilikuwa kikubwa hivyo.

Jumatatu, 4 Julai
Kasisi ameahidi kuja kila Jumapili, mradi apitie jikoni. Dorcas anaimba. Ameniomba taratibu: "Mume wangu, ing'oe hiyo moja tu, tubaki na nne kama watu."
Kama Lavenham, anamaanisha. Sitaki.
Nimewaza asubuhi nzima. Kosa si la nguzo. Mlango wa jikoni ndio hauna hadhi. Seremala anakuja kesho. Pale ni padogo, nguzo tatu zitatosha.