Skripti ya Kumwondoa Scola

Jumatatu, 5 Mei

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Nafasi ya Mkuu wa Kitengo cha Kumbukumbu na TEHAMA iko wazi. Ina ofisi yenye feni na mlango unaofungwa. Tuko wawili tunaoitaka: mimi, Jilala, msaidizi wa TEHAMA mwenye diploma, na Scola wa masijala, ambaye anapendwa. Sioni kingine alicho nacho.

Kwenye chai ya saa nne Meneja, Mama Lukresia, amesema chama chetu cha ushirika hakiwezi kuingia msimu wa pamba huku folda zote ziko wazi kwa kila mtu. Ni kweli. Ijumaa mlinzi alifungua folda ya mishahara akitafuta picha zake za Mei Mosi. Meneja akasema atakayeleta utaratibu ndiye atakayemfikiria. Wakati anasema alimtazama Scola. Nimeona!

Jumanne, 6 Mei

Mpango umekamilika. Kugawa ruhusa za folda kwa mkono, mtu mmoja mmoja, ni kazi ya masijala. Mimi ninaandika skripti: maagizo machache, unabonyeza mara moja, seva inatekeleza yenyewe. Kila mtu atabaki na folda zake tu. Scola atabaki na moja, "Barua Zilizoingia". Anayetaka zaidi atakuja kugonga mlangoni kwangu. Kwa sasa sina mlango, nina meza karibu na jagi la maji. Lakini watakuja.

Kuna jambo moja la kizamani. Fundi aliyekuja kutoka Mwanza kufunga seva alimkuta Scola peke yake ofisini, akampa yeye madaraka yote ya mashine. Toka hapo Scola huwahi asubuhi, huwasha kompyuta zote na kuziingiza kwa jina lake, kama mama anayewasha moto wa nyumba nzima. Sisi tunakuta tayari. Mwaka juzi nilimtengenezea kila mtu akaunti yake. Zipo hadi leo. Hakuna aliyewahi kuzitumia, mimi nikiwemo. Ofisi haina nidhamu.

Jumatano, 7 Mei

Scola ameomba ruhusa hadi Jumatatu. Mdogo wake anaolewa, na ng'ombe wa mahari wanafika kwao Malampaka. Nimempongeza kwa moyo mkunjufu. Meneja ameshangaa.

Ameziacha kompyuta zimewashwa na kuagiza zisizimwe. Hata akiwa likizo anatawala.

Alhamisi, 8 Mei

Asubuhi nimebonyeza. Mistari ya kijani, mizuri sana. Mstari wa mwisho niliutunga kwa upendo: Scola aondolewe kwenye folda zote zilizobaki na avuliwe madaraka. Seva ikaandika kwamba kazi imekamilika. Nikajimiminia maji, nikasimama dirishani kama mkuu wa kitengo.

Sijamaliza glasi, mhasibu, Mzee Masunga, akauliza mbona folda ya wakulima haifunguki. Kisha Meneja. Kisha mlinzi, na picha zake. Kila kompyuta inajibu: huna ruhusa. Nikawaeleza kwa utulivu kwamba wako ndani kwa jina la Scola, watoke waingie kwa majina yao. Hakuna anayekumbuka neno lake la siri. Meneja akasema hotuba yake ya mkutano wa wanachama Nkoma, keshokutwa, imo humo. Nikamtoa wasiwasi: nitawapa wote maneno mapya sasa hivi. Nikaketi kwenye mashine yangu. Huna ruhusa. Kumbe na mimi nilikuwa Scola!

Imebaki akaunti moja yenye nguvu, ya msimamizi, iliyoachwa na yule fundi. Neno lake la siri analijua Scola peke yake. Nimempigia. Amenisikiliza hadi mwisho, akajibu kwa upole kwamba angependa sana kusaidia, ila waraka unakataza kutaja neno la siri kwa simu, na adhabu ni onyo kali. Nimeutazama waraka ukutani. Sahihi ni yangu.

Mama Lukresia amesema nikalifuate huko huko. Amesema pia kwamba bila hotuba nisihangaike kurudi. Nimeogopa, naandika ukweli.

Ijumaa, 9 Mei

Basi hadi Maswa, kisha bodaboda. Vumbi tupu. Uwanja wa kina Scola umejaa watu na ng'ombe. Nikawaamkia wazee kwa Kisukuma, Mwangaluka, wakaitikia na kunikalisha upande wa bwana harusi, nadhani kwa sababu ya tai. Kumwita binti wa nyumba pembeni wakati mahari inajadiliwa? Haiwezekani. Nikakaa.

Mara baba yake, Mzee Masele, akanitaka mimi nieleze kwa nini upande wetu umeleta mtamba anayechechemea. Nikamtetea mtamba kadiri nilivyoweza. Nilisema amechoshwa na safari, akipumzika atazaa majike matupu. Wakamkubali. Ofisini sijawahi kukubaliwa haraka hivyo.

Baada ya ugali na maziwa mgando Scola akaja. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniandikia neno la siri kiganjani kwa kalamu. Akasema mdogo wake anashukuru kwa habari ya mtamba. Nimemchukia kwa dhati, kisha nikaomba maziwa mengine.

Jumamosi, 10 Mei

Hotuba imepatikana. Mzee Masunga anasema huko Nkoma akina mama wamepiga vigelegele. Mimi nimebaki ofisini kurudisha kila kitu kilivyokuwa, Scola na madaraka yake yote. Kidole kilikuwa kizito.

Jumatatu, 12 Mei

Nafasi amepewa Scola. Feni inazunguka, naisikia kutoka hapa kwenye jagi.

Meneja ameniita. Mkataba utaongezwa kwa sharti moja: kufikia Ijumaa kila mtu aingie kwa jina lake na aone folda zake tu. Nikiharibu tena, nirudi kwetu Nassa nikaanike dagaa. Akaongeza kwamba aliyeniombea nafasi hii ni Scola. Nimeshangazwa na udhaifu wa wote wawili.

Jumanne, 13 Mei

Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa Alhamisi. Alhamisi si siku nzuri kwa kazi ya kitaalamu.

Vilevile skripti ilikuwa na huruma mno. Nimeikaza. Safari hii Scola hapati hata "Barua Zilizoingia". Na akaunti ya msimamizi itafutwa moja kwa moja, ili asiwepo tena mtu wa kunipandisha basi kwa ajili ya neno la siri.

Nimefika mapema kuliko wote, isipokuwa yeye. Kompyuta yangu nimeikuta imewashwa na kuingizwa tayari, kama kila asubuhi. Kwa hilo namsifu, mwanamke yule huwahi.

Nabonyeza.