Ombi la Kumrudisha Mgeni Uliyemtoa Kwenye Kompyuta Yetu

Kwa Fundi wa Kompyuta,
Duka lililo ubavuni mwa kinyozi.

Ndugu Fundi,

Salamu kwanza. Hunijui, lakini kile kiti chenye mguu mmoja mfupi ulichokalia Jumanne ile ni mimi niliyekitengeneza, kwa hiyo hatuwezi kusema hatujakutana kabisa. Mimi ni mume wa mshonaji. Nafanya kibarua cha kuchanganya zege mbali na nyumbani, huu mwaka wa tatu. Shule niliishia darasa la sita, hivyo nikikosea mahali nisahihishe kimoyomoyo.

Ninakuandikia kulalamika kwa sababu umefanya kazi yako vizuri.

Mke wangu amenieleza yote. Ulifungua orodha ya programu, ukaitoa moja iliyoingia pamoja na ile ya kukuza picha, ukafuta vikorokoro vilivyojibandika kwenye kivinjari, ukaurudisha ukurasa wa mwanzo kama ulivyokuwa zamani. Dakika kumi, na chai yako bado ya moto. Ulisema kitu hicho kinaitwa mtekaji. Sisi tulimwita Mgeni, kwa kuwa aliingia bila hodi, akajikalia, na kila ukiiuliza kompyuta jambo anajibu yeye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa miezi saba, na jembe, Ndugu Fundi, alilishika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeninyima kazi. Kabla hujaja, kila siku saa saba mchana, tukiwa mapumzikoni, simu yangu ililia. Mke wangu ametafuta kola ya shati, Mgeni amemletea pampu za kisima. Ametafuta mikono ya gauni, ameletewa dawa ya upara. Mimi kompyuta siijui. Nimewahi kuzibeba tu, zikiwa ndani ya maboksi. Lakini nilimwambia azime, ahesabu mpaka ishirini, awashe. Akasema nimehesabu, bado yupo. Nikasema umehesabu haraka. Akasema basi hesabu wewe. Nikahesabu, nimekaa juu ya mfuko wa saruji, naye kimya upande wa pili ananisikiliza mpaka ishirini. Ikawa ndiyo dawa yetu ya kila siku. Haikuponya kitu. Lakini hapa nilipo hakuna mtu anayenisikiliza mpaka ishirini. Msimamizi wetu hunikatiza nikifika mbili.

2. Umenishusha cheo. Baada ya simu hizo wenzangu waliniita Daktari. Dereva wa winchi alikuwa akipaza sauti kutoka juu, Daktari, mgonjwa ameamkaje? Nami namjibu, bado ana homa. Mpiga lipu alishauri tuiwekee kompyuta chumvi, tukamkatalia kitaalamu. Tangu Jumanne ile mgonjwa amepona, na mimi nimerudi kuitwa Wewe. Wewe, lete maji.

3. La tatu nilikuwa nalo, nikalisahau tulipokuwa tunashusha kokoto. Nitalirudia.

4. Umeifanya nyumba yangu ijitosheleze. Sasa mke wangu akitafuta kola anapata kola. Binti yetu amepata alama nzuri katika somo la mapafu, nami nimejua baada ya wiki mbili. Enzi za Mgeni ningejua siku hiyohiyo, maana angetafuta mapafu akaletewa mapazia, na ningepigiwa. Siku hizi napata ujumbe mmoja tu, Jumapili: Sisi wazima, kompyuta nzima.

5. Umeniaibisha kwa mama mkwe. Alikuwa anawaambia majirani kwamba mkwe wake anapambana na kitu kizito kwa njia ya simu. Ulipomaliza akasema, mbele ya mteja aliyekuja kupimwa suruali, kumbe kilikuwa kitu cha dakika kumi. Jasho langu la miezi saba umeligeuza dakika kumi.

Kuhusu nani alimwingiza Mgeni, sifichi. Ni mimi, nilipokuwa likizo. Nilitaka kuikuza picha yangu waitundike ukutani, wasinisahau sura. Programu ilikuwa ya bure. Ikaniuliza mambo mara nne, na mara zote nne nikabonyeza Nakubali bila kusoma. Ni mazoea ya kazini. Mkataba wangu una kurasa kumi na moja na niliukubali nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo naomba Mgeni arudishwe. Kama hawezi kurudi moja kwa moja, aje Jumatatu na Alhamisi, saa saba kasoro dakika tano. Kama umeshamuua, tafuta ndugu yake, nasikia ukoo wao ni mkubwa. Ndugu naye akikosekana, legeza mkanda wa cherehani. Huo naujua, na nitaelekeza kwa ufasaha zaidi. Na kwa vyovyote vile naomba barua yenye mhuri wa duka lako, iende kwa mama mkwe, ieleze kuwa Mgeni alitoka upesi kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamchosha.

Sasa la tatu. Sikuwa nimelisahau. Binti yangu aliwahi kunisomea kwenye simu. Kila mtu alipotaka kuufunga ukurasa wake, Mgeni alitoa kidirisha kinachouliza: Una uhakika unataka kuondoka? Ukibonyeza ndiyo, anauliza tena. Mke wangu alimtukana sana kwa ajili hiyo. Siku niliyotoka nyumbani na begi langu, mke wangu alikuwa anapiga pasi suruali za watu, binti alikuwa shuleni, na mama mkwe aliniambia nirudishie mlango. Siwalaumu. Sote tulijua ni lazima niende. Lakini nilifika kituoni mapema, nikakaa saa nzima, na hakuna aliyekuwa ameniuliza hata mara moja. Katika nyumba ile aliyejua kumuuliza mtu swali hilo alikuwa mmoja tu, na ndiye uliyemtoa.

Msalimie kinyozi jirani yako, na mteja wa suruali kama bado mnaonana. Ukipita nyumbani wasalimie wote, na kile kiti ukiwekee kipande cha mbao chini ya mguu. Nisamehe kwa karatasi hii, ni ya mfuko wa saruji, upande wa ndani.

Mwenzako katika kazi za mikono,

Mume wa mshonaji, aliyekuwa Daktari.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, leo saa saba, simu imelia. Ni mke wangu. Nikamuuliza nini kimeharibika. Akasema hakuna. Cherehani je? Nzima. Basi umepigia nini, nikamuuliza. Akasema amepiga tu, saa saba imefika mkono ukamwasha. Tukaongea mpaka kengele ya kazi. Nikamwambia haya, mimi naondoka. Akasema, una uhakika unataka kuondoka? Nikasema ndiyo. Akauliza tena.

Kwa hiyo Mgeni usimrudishe. Ile barua ya mama mkwe bado naihitaji.