Kivutio Namba Saba Anaota Meno

Nyumba ya pili baada ya mzani wa malori,
Kulbarrin.
Jumatano, Dulcie akiwa amelala

Kwa Mheshimiwa Bibi Glenys Mudge,
Mwenyekiti, Kamati ya Historia na Vivutio,
Halmashauri ya Kulbarrin.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA BINTI YANGU KUTUNZWA KAMA TREKTA

Pokea salamu zangu, na ziwafikie wajumbe wote wa kamati, hata yule aliyeipinga bembea ya pili. Nakuandikia kama Mwenyekiti, si kama shangazi wa mume wangu. Kama shangazi tulionana jana dukani tukaongea vizuri tu habari za panya.

Nimekisoma kijitabu chenu kipya cha historia na vivutio vya mji wetu. Nimekisoma mara sita, maana ndicho kitu pekee humu ndani kinachosomeka kwa mkono mmoja. Ni kizuri. Pale mpimaji wa reli anapofika mwaka 1908 akitafuta mahali pengine kabisa, farasi wake akagoma kwenda mbele, naye akaandika kwenye ramani "panafaa", nililia. Siku hizi nalia kwa mengi, juzi nimelia kwa sababu ya kijiko, lakini yule farasi nilimlilia kwa haki. Namwelewa.

Mkate Mkubwa mmeuita "kazi ya zege inayolitukuza zao letu". Hamkusema kwamba kila mgeni anauita kiatu. Sawa, mji nao una aibu zake. Kasuku aliyechorwa kwenye maghala ya ngano mmempa ukurasa mzima, na anastahili. Shida yangu inaanza kwenye kivutio namba saba, ambacho nakinukuu: "Mzani wa malori, ambapo Desemba iliyopita mtoto wa kike alizaliwa katikati ya mavuno. Mzani hufungwa nje ya msimu. Kwa maelezo, gonga nyumba ya pili."

Nyumba ya pili ni kwangu. Mtoto wa kike ni wangu. Na mlango ni wa bati.

Sasa nije kwenye kiini. Jumanne ijayo kikao chenu kitaamua kama chumba cha nyuma cha ukumbi, anakokuja muuguzi wa watoto kila baada ya wiki mbili, kifungwe. Kanuni inadai watoto watano ambao hawajafika umri wa shule. Karani wenu Darryl amehesabu wanne. Chumba wapewe wakusanyaji wa nyaya za miiba za kale, waweke ukutani aina zao tisini na tatu, na sisi tumfuate muuguzi mwingine kilomita mia moja na kumi. Nilimwendea Darryl dirishani, mtoto wa tano akiwa begani kwangu ananitafuna sikio. Nikamwuliza, "Darryl, na huyu je?" Akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Dulcie Teague. Yupo, yupo. Ila yuko ukurasa wa vivutio, mama. Habari zake zilikuja na risiti ya mzani kabla ya karatasi za hospitali. Kitu kimoja sikiandiki mara mbili, mkaguzi atanila nyama."

Nikarudi nyumbani, nikafikiri huku nakunja nepi, na nimeona Darryl hana kosa. Kama binti yangu ni kivutio, na awe kivutio. Lakini basi atunzwe kama vivutio vingine. Malalamiko yangu ni haya.

1. Historia yake mmeikata. Mmeandika "alizaliwa", kana kwamba aliteremka kutoka kwenye ndege. Ukweli ni kwamba siku ile upepo ulikuwa mkali, kombaini zote za kuvunia zimesimamishwa kwa hofu ya moto, na saa kumi jioni marufuku ilipoondolewa mji mzima uliruka mashambani kama nzige. Mimi uchungu ukanianza. Pikapu ilikuwa imepasuka tairi mbili kwenye mabua. Lililokuwepo ni lori, nalo limejaa ngano. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mume wangu Brodie alikuwa anaujua uchungu wa mzigo. Akaniambia, na nanukuu mbele ya kamati, "Mpenzi, tumwage ngano kwanza, tutakwenda wepesi." Na mimi, Mheshimiwa, nimezaliwa hapa, nikaona ni wazo zuri.

Foleni ilikuwa na malori kumi na manne. Unajua mwenyewe kwamba Kulbarrin mtu haruki foleni ya mzani hata akiwa anaungua. Brodie akashuka kuwaomba. Wakatupisha wote, isipokuwa mmoja aliyeuliza kwanza ngano yetu ni ya daraja gani. Tukapanda mzani. Noelene, yule mama wa dirisha la mzani, akauchomeka mkuki wake kwenye ngano, akachukua sampuli, akapima unyevu, kwa sababu utaratibu ni utaratibu. Ndipo akaniangalia mimi. Akasema, "Ee, na wewe umeiva." Akapanda kwenye lori akiwa na glavu za kazi. Dulcie alikuja kabla Brodie hajamaliza kuuliza aegeshe wapi.

Noelene akarudi dirishani akachapa risiti ya pili. Uzito ulikuwa uleule. Kabla, mtoto yumo ndani. Baada, mtoto yuko nje. Na mzani wenyewe hausomi chini ya kilo ishirini. Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi rasmi za mji huu, siku ile hakuna kilichoongezeka. Chini yake Noelene akaandika kwa kalamu: "Mtoto 1, msichana, hana magugu." Risiti hiyo mmeitia kwenye fremu ya kioo. Ndiyo nakala yangu pekee na naomba kuitembelea.

2. Trekta la mvuke la mwaka 1911 lina paa. Lina turubai la kulizuia vumbi, lina watu wawili wa kulifuta kila Jumamosi, na lina mzee Merv Stuchbery, mwenye miaka themanini na moja, anayekaa kando yake kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ili lisijisikie peke yake. Trekta halijawahi kulia. Halijawahi kuamka mara tano. Wageni wake wiki iliyopita walikuwa wawili, na mmoja aliingia kuuliza choo. Binti yangu, ambaye ni kivutio cha daraja lilelile na cha kijitabu kilekile, ana mimi. Baba yake yuko kwenye trekta lisilo la maonyesho, anapanda ngano tangu mvua ya kwanza. Akirudi anamsalimia mtoto kwa jina la mbwa.

Kwa hiyo naomba Dulcie apewe Merv. Saa nne hadi saa kumi, kila siku isipokuwa Krismasi, kama ilivyoandikwa mlangoni mwa makumbusho.

3. Saa za kutembelewa. Wastaafu wenye karavani, zile nyumba za kuvutwa na gari, wanaanza kugonga saa moja asubuhi. Ni watu wazuri, wamevuka nchi nzima, wengine wananiletea ndimu. Lakini bati likigongwa mara moja tu, kazi yangu ya saa mbili ya kumlaza imeharibika. Juzi bibi mmoja aliniambia, "Tumekuja kuona mzani, lakini tumesikia mtoto ni bora zaidi." Nikasema amelala. Akasema, "Hatuna haraka," akakunjua kiti. Mumewe naye akakunjua kiti. Wakachemsha chai kwenye nyasi zangu. Walikaa hadi alipoamka, wakampigia makofi.

4. La nne lilikuwa limeandikwa tayari, Dulcie akalitapikia. Lilikuwa kali kuliko yote.

5. Kibao. Kasuku ana kibao, farasi ana kibao, na hata kisima alichokataa kunywa maji yake kina kibao. Naomba cha Dulcie kiseme: USIGUSE MASHAVU. USIULIZE KAMA ANALALA USIKU.

6. Matengenezo. Mwaka juzi trekta lilipoanza kupiga mluzi kwenye bomba, mlimleta fundi kutoka Perth, akalala hotelini siku mbili. Dulcie anapiga mluzi puani tangu Ijumaa. Fundi wake ni muuguzi wa Alhamisi, na huyo ndiye mnayetaka kumwondoa.

Hapa nitasema taratibu, Mheshimiwa, maana hili si la mzaha. Mwezi wa pili Dulcie hakuwa anaongezeka. Nilidhani ni maziwa yangu, nikadhani ni mimi. Sikumwambia mtu, hata Brodie, hata wewe ulipoleta keki. Muuguzi yule hakusema jambo kubwa. Alinifundisha namna nyingine ya kumshika, akasema turudi. Tuliporudi akampima, akaandika namba, akanigeuzia daftari nijionee mwenyewe kwamba imepanda. Imepanda kidogo tu, chini kabisa ya kile ambacho mzani wa malori ungeweza kukiona. Nilikaa kwenye chumba kile, kwenye kile kiti kinachoyumba, na kwa mara ya kwanza tangu mavuno nikanywa chai ikiwa ya moto. Waya wa miiba hauna haja ya kiti kile.

7. Jambo langu la mwisho ni kuhusu mimi. Kivutio namba saba kilihifadhiwa miezi tisa ndani ya jengo, na jengo hilo bado limesimama, ingawa linaegemea upande. Kanuni zenu za majengo ya kale zinasema jengo la awali lisibebeshwe mizigo mipya, lisibadilishwe umbo bila kibali, na likaguliwe kila mwaka kuona dalili za kuchoka. Kwa kanuni hizo naomba nisamehewe kuoka keki za mnada wa shule, nisiulizwe tena na mama mkwe lini nitarudia umbo langu la zamani (kibali hakijatoka), na mkaguzi aje hata kesho. Dalili zipo.

Sidai mengi. Sitaki Dulcie Mkubwa wa zege pale njia panda. Aliyeufinyanga Mkate bado yuko hai na anatafuta kazi. Nataka haki sawa kati ya kivutio na kivutio. Mkiona gharama ya kumtunza kama trekta ni kubwa, basi iko njia nyepesi: Darryl amfute ukurasa wa vivutio, amwandike ukurasa wa watoto.

Nimalizie kwa kumsalimia mjomba Trev na goti lake, Noelene, na madereva wote kumi na wanne wa foleni, hata yule wa daraja la ngano. Mbwa nimeshamsalimia, tumeketi naye.

Aliye tayari kukaguliwa wakati wowote mtoto akiwa amelala,

Shayla Teague
(Jengo la Awali)

N.B. Shangazi, sasa naandika kama mtu wa nyumbani, na ni Alhamisi, ile isiyo na muuguzi.

Barua ilikuwa bado haijatiwa bahasha, Merv akapita kuleta maboga. Nikamsomea lalamiko la pili kwa kucheka. Hakucheka. Akavua kofia akasema, "Binti, trekta halikimbii. Nipe mtoto ukalale." Nikaona nijaribu mpango kabla kamati haijaupitisha. Nikampa Dulcie, chupa, nepi nne na maelekezo ya kurasa mbili. Saa nne kamili akaondoka naye kwenda makumbusho.

Nilijilaza. Shangazi, sijawahi kuisikia nyumba yangu. Friji linanguruma. Panya wana familia kubwa. Nililala dakika ishirini, nikaamka nikisikiliza, nikageuka, nikasikiliza tena. Saa nne na nusu nilikuwa natembea kwenda stesheni ya zamani, yaliko makumbusho, kwa ndala, nywele zimesimama, watu wa karavani wakinipungia mikono.

Nikawakuta. Merv alikuwa amemweka Dulcie kwenye ile mizani ya dukani ya enzi za babu zenu, ya kupimia unga, juu ya sweta yake aliyoikunja mara nne, mkono mmoja nyuma ya mgongo wa mtoto. Wageni watatu wamesimama nyuma ya kamba. Mmoja akanyoosha kidole, Merv akamkemea, "Tazama kwa macho, bwana! Hii haina vipuri!" Kwenye kitabu cha wageni mtu alikuwa ameshaandika: "Bora kuliko kiatu."

Na yeye alikuwa anacheka. Ameshika jiwe la mizani kwa mikono miwili, analitafuna kwa jino lake moja, jino ambalo asubuhi halikuwepo. Limetoka mikononi mwa Merv, mimi nikiwa nimelala kwa haki zangu.

Nimemchukua nyumbani. Nafuta ombi lote, la kwanza hadi la saba, pamoja na lile lililotapikiwa. Hapana paa, hapana kibao, hapana saa za kufungua. Binti yangu si trekta. Merv aje akitaka, lakini aje kama Merv, mimi nikiwepo, na maboga alete.

Nabakiza kitu kimoja. Merv alinisomea mizani, akaiandika kwa penseli kwenye kadi ya makumbusho, ikapigwa muhuri wenu: ratili kumi na sita na nusu. Kadi nimeibana humu. Mpelekee Darryl kabla ya Jumanne, mwambie mizani ya mji imemwona.

Watano, Shangazi.