Bomba la Kupigia Picha

Jumanne ya tarehe 12 Machi 2024 ndiyo siku mambo yalipomwendea kombo Rogath, mzaliwa wa kijiji cha Mamba aliyehamia Same mjini na kujiita mshauri wa miradi ya jamii.

Mtaji wake ulikuwa bomba moja la maji huko kwao, kando ya shule. Halikuunganishwa na chanzo chochote. Nyuma ya migomba alificha pipa lililojazwa kwa madumu ya bodaboda, maji ya kutosha picha. Bomba hilo kampuni mbili zilishalizindua. Rogath alibadilisha kibao tu. Viongozi walikata utepe mara zote mbili wala hawakushangaa. Kiongozi akishaona utepe, haoni kingine.

Safari hii alimnasa Muhidin, meneja wa kampuni ya kokoto, ambaye malori yake yaliilisha Mamba vumbi miaka yote, na leseni yake ilikaribia kwisha.

"Bosi, wananchi wamenuna. Wape maji."

"Yatatoka kweli?"

"Mpaka mpiga picha achoke."

Muhidin akalipa. Siku ilipofika mheshimiwa kutoka wilayani akakata utepe, maji yakachuruzika, kamera zikafyatuka. Ndipo Mama Zipora, mama mdogo wa Rogath, aliyechoka kupanda hadi chemchemini na ndoo kila alfajiri, akaomba kutoa shukrani.

"Tunamshukuru meneja kwa bomba, na zaidi kwa mabomba aliyoahidi, ya kuleta maji toka chemchemi mpaka hapa. Mtaro tutachimba wenyewe."

"Niliahidi lini?" Muhidin akanong'ona.

"Tabasamu, bosi. Kamera," Rogath akajibu.

Mheshimiwa akapiga makofi. "Nitayakagua kabla leseni mpya haijasainiwa!"

Muhidin akatabasamu kama aliyekanyaga msumari kanisani. "Yatakuja," akatangaza. Kisha chinichini: "Kwa pesa niliyokupa, Rogath. Irudishe yote, au nimwonyeshe mheshimiwa pipa lako ninaloliona nyuma ya migomba."

Papo hapo baragumu likalia: msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Mzaliwa akikwepa hutozwa mbuzi.

"Mama mdogo, mimi ni mshauri!"

"Shauri huku unachimba, mwanangu. Na uvue hivyo viatu vya ncha."

Maji yalifika Mei, ya kweli, baridi kama mlima wenyewe. Watu wanakinga ndoo na kuulizana jambo ambalo meneja hajalijibu, wala mheshimiwa: leseni ingekuwa na miaka ishirini mbele, kampuni ingekumbuka lini kwamba tuna kiu?