Jina la Mwenza

Jumanne, 3 Juni

...na ndiyo maana nasema hata kikohozi chake kwenye simu ni kitamu! Leo siku ya arobaini na moja tangu mume wangu aende ng'ambo kusomea urubani. Baada ya harusi tulikaa siku kumi na tisa tu. Kumi na tisa! Mto wake nimekataa kuufua, bado unanukia yeye. Wifi, dada yake ninayeishi naye, anasema mto haunukii, unanuka. Hajui mapenzi yule.

Habari njema: viza ya mume wangu ni ya masomo, haimruhusu kufanya kazi mpaka apate leseni kisha kibali. Lakini mke wa mwanafunzi anaweza kuomba viza ya kumfuata! Kanisihi niisome fomu polepole, na nimwombe wifi anisaidie. Nimeshika ile habari ya fomu.

Jumatano, 4 Juni

Kurasa kumi na moja, zenye tafsiri ya Kiswahili. Nimejifungia chumbani. Wifi kagonga mlango, kauliza kama nataka msaada. Nikamjibu kwamba kidato cha nne nilimaliza. Kasema haya, bibi harusi, mwenye macho haambiwi tazama.

Ukurasa wa tatu damu ikanipanda. "Jina kamili la mwenza." Mwenza! Ndoa haina hata miezi mitatu, ubalozi unaniulizia mke mwenzangu! Nikaandika kwa herufi kubwa: SINA MWENZA. SIJAWAHI KUWA NAYE. NA SITAKI! Nikapiga mstari mara mbili.

Kisha nikampigia mume wangu, nikamuuliza taratibu kama ana jambo la kuniambia. Kaapa kwamba mtu pekee anayekaa naye karibu ni mwalimu wake, mzee mwenye kipara. Roho ikatulia.

Jumatatu, 9 Juni

Ubalozini. Nilibeba picha ya harusi, ile kubwa yenye fremu. Mama wa dirishani kauliza namfuata nani. Mume wangu! Kauliza tena. Nikainua picha. Akabandika fomu yangu kwenye kioo, kidole juu ya mstari wa mwenza. Kasema hapa mwenza ni mume au mke, na mimi nimeandika sina, sijawahi, na sitaki.

Kumbe!

Nyuma yangu foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja kasema binti huyu kajitaliki kwa kalamu yake mwenyewe. Ombi limekataliwa. Mama wa dirishani kanishauri: safari nyingine nijibu kwa ufupi, bila hadithi.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu mpya: nitakuwa rubani! Chuo chake kinapokea wageni. Unahitaji barua ya chuo, mtihani wa lugha na cheti cha afya. Nimeanza na afya. Daktari kaniambia nisimame kwa mguu mmoja, nifumbe macho. Nikakumbatia mizani yake. Kauliza kama naogopa urefu. Nikasema hapana, ila nikipanda kiti kubadilisha taa, wifi hunishika miguu. Kafunga faili.

Nimerudi, nimekuta mto wa mume wangu juu ya kamba, unachuruzika maji. Wifi kaufua! Nikakaa kwenye kizingiti nikalia kama mtoto. Harufu yote imekwenda na povu. Wifi hakucheka. Aliingia chumbani kwake, akatoka na sweta la zamani la shule la mume wangu. Kasema alikuwa amelificha kwenye sanduku tangu aondoke, maana naye kaka ni wake. Tukalinusa kwa zamu. Nilimpenda wifi kwa saa nzima.

Jumamosi, 14 Juni

Mume wangu kapata jawabu: viza ya matembezi! Kasema niandike wiki tatu, na nionyeshe kwamba nitarudi. Wifi kaomba aisome fomu kabla sijaituma. Nikamwambia ni kurasa mbili tu, na mimi sasa nimekomaa.

Mwenza: majina yake yote matatu, na "kipenzi changu" mwishoni ili wasichanganye. Lengo la safari: kumnusa. Muda wa kukaa... Wiki tatu? Mtu na mume wake? Nimejibu kwa ufupi, kama nilivyoshauriwa: MAISHA YANGU YOTE. Nikapiga mstari mara mbili.

Bahasha nimeshaigundisha. Mpenzi, piga pasi lile shati la urubani lenye mistari mabegani. Kabla mwezi huu haujaisha, nakuja kukutembelea!