Ndege Adimu wa Uzio Wangu

Jumanne, 25 Novemba 2025
Mama Drocella, mkuu wa mudugudu wetu hapa Nkungu, amepita na kamba. Kapima. Anasema uzio wangu wa miti ya miyenzi umeingia njiani nusu mita, na umuganda wa Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya wanakijiji, utaurudisha. Ndiyo, nimekuwa nikiusogeza kila msimu wa mvua, lakini polepole, kwa adabu! Na migomba yangu miwili iko ndani ya hiyo nusu mita, imeshabeba mikungu. Jirani Karim ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba. Anacheka. Mnafiki.

Jumatano, 26 Novemba
Mungu hamtupi mja wake! Nimekuta kiota kwenye uzio. Kandege ka kahawia, kanaruka, kanadaka nzi, kanarudi palepale. Makinda wawili. Nikamkumbuka Gracia, binti anayehesabu ndege kando ya msitu. Aliwahi kusema ndege wakibaki wachache, hata tawi lao halikatwi. Nimempigia simu. Nimemwambia huyu ni wa mwisho duniani.

Alhamisi, 27 Novemba
Gracia kaja na darubini. Hakuitoa hata mkobani. "Papa Uwera, aka kandege kako kila fasi!" Yaani kamejaa kila mahali. Kitabuni kamewekwa daraja la chini kabisa, la ndege wasio katika hatari yoyote ya kutoweka. Nimeona aibu kwa niaba ya ndege. Hata hivyo kaenda kumwomba Mama Drocella wasiukate uzio mpaka makinda waruke, wiki mbili hivi. Mama kakubali. Wiki mbili! Ndizi zangu zinataka miezi miwili kukomaa. Nikamuuliza Gracia ndege anapandaje daraja. Akasema mpaka wapungue sana.

Ijumaa, 28 Novemba
Wapungue? Kazi ndogo! Nimeazima kwa Karim sufuria yake ya harusi, nikaipiga tangu alfajiri kwenye nyua zote za jirani. Nimefukuza ndege kumi na wawili kuelekea Mururu. Emerance, mke wangu, kajifungia ndani kwa aibu. Narudi kumtazama wangu, aliyebaki peke yake. Kiota kitupu! Makinda wameshtuka, wameruka na mama yao.

Jumamosi, 29 Novemba
Mama Drocella kachungulia kiota, kasema basi, hakuna tena wa kumngojea. Saa nne uzio ulikuwa umesharudi nyuma. Migomba kaikata Karim, kwa panga langu. Emerance kawapikia watu ndizi zangu changa, katika sufuria ileile. Nimekula sahani mbili kwa hasira.

Jumapili, 30 Novemba
Wamerudi, mama na makinda wote wawili! Wametua juu ya choo changu. Mama Drocella naye, akitoka kanisani, kasimama njiani anakitazama choo hichohicho, anahesabu hatua. Sina wasiwasi. Kosa la Ijumaa nimeshalijua: sufuria ilikuwa ndogo.