Bibi Mmoja, Picha Mbili

Jumatatu, 12 Juni 1967

Siku ya kushukuru! Mwalimu Tekla, mlezi wa chama chetu cha wapiga picha, ametuletea picha zilizokatwa kwenye magazeti ya nje. Kila mmoja aandike zilivyomgusa. Wenzangu wameandika kwamba ni nzuri, zina mwanga. Mimi nimepigwa na butwaa mbele ya picha moja: mikono ya kikongwe. Mikono tu! Uso haupo, miguu haipo, mishipa imesimama kama mizizi ya mhogo. Machozi yalinitoka. Benedikta, ambaye hajawahi kuwa wa pili darasani, akauliza mwenye mikono yuko wapi. Masikini ya Mungu. Hana jicho.

Halafu habari yenyewe. Siku ya Saba Saba picha zetu zitatundikwa uwanjani, na mshindi atakaa na kamera ya chama likizo nzima. Kamera moja, ya kisanduku. Filamu moja, picha kumi na mbili. Wanachama kumi na wawili. Kila mtu abonyeze mara moja tu, huo ndio ujamaa, kasema Mwalimu. Nikapiga makofi kuliko wote. Moyoni natafuta njia ya kubonyeza mara mbili.

Jumatano, 14 Juni

Bibi Sikuzani, aliyenilea tangu nabebwa mgongoni, kaniita barazani. Kaniita mke mwenza, nikajua ana jambo. Dada yake wa Ujiji macho yanafunga. Hawajaonana tangu mama yangu hajazaliwa. Jirani yetu Lukumani atapanda treni ya Kigoma baada ya Maulidi, na Bibi anataka ampe picha, dada aione wakati bado anaona. Bibi hajapigwa picha maishani mwake. Anataka nzima, kichwa mpaka viatu. Viatu hasa! Siku dada anakwenda kwa mumewe, Bibi alimsindikiza stesheni pekupeku, na dada akalia kwa ajili ya ile miguu mpaka treni ikaondoka. Sasa Bibi ana viatu. Vyeusi, vya mkanda na bizimu, kavipata kwa kuuza vitumbua. Dada avione.

Nikasema ndiyo, Bibi, bila shaka. Huku namtazama mikono. Mishipa ile! Makovu ya mafuta! Ushindi uko nyumbani kwetu miaka yote, unanimenyea machungwa, nami sina habari. Ahsante Mungu kwa bibi huyu.

Tatizo ni moja. Mikono na viatu, na zamu yangu ni ya picha moja.

Alhamisi, 15 Juni

Mpango. Minza wa Nzega, analala bwenini, hana makuu. Nitamlainisha kwa vitumbua, kisha nitamfulia, kisha nitamsifia mwandiko, mwisho nitamwomba zamu yake. Hakumaliza hata kitumbua cha kwanza. Kasema nichukue tu, bibi yangu ni bibi yake. Nikaona haya. Si haya sana. Namshukuru Minza kwa moyo wote, na vitumbua vilivyobaki nimekula mwenyewe.

Kaomba jambo moja. Mwezi wa nane chama kitatembelea kijiji cha ujamaa karibu na kwao. Nimpige mama yake picha nzima. Nimeapa.

Jumamosi, 17 Juni

Balaa! Kamera imenifikia mchana. Picha ya Minza itakuwa ya Bibi mzima, yangu ya mikono. Kanuni ya Mwalimu Tekla: jua liwe mgongoni mwa mpigaji. Bibi yuko ndani anavaa. Mimi uani nafanya mazoezi, jicho kwenye kidirisha, narudi kinyumenyume. Mwalimu hakusema huko mgongoni kuna nini kingine. Palikuwa na beseni la rojo la vitumbua. Nikaketi humo, kidole kikabonyeza, ka! Kumbe Bibi keshatoka mlangoni, anacheka mpaka kashika mwimo. Zamu ya Minza imekwenda bure.

Bibi hakunigombeza. Kanifuta, kanipa kanga kavu, kasema rojo lingine litakorogwa. Nani ana bibi kama wangu? Nikazungusha filamu. Imebaki moja, na hiyo ni ya Bibi mzima, nimeamua.

Kaketi kwenye kiti, wima, hacheki tena, maana picha si mchezo. Viatu vimebanana. Mikono juu ya magoti, bado ina rojo vidoleni. Nikarudi nyuma. Nikasogea mbele. Nikasogea tena. Kidirishani ikabaki mikono peke yake, mizuri kupita kiasi. Nikabonyeza.

Bibi akauliza kama viatu vimetoka. Nikamwambia vimetoka, vyote viwili.

Jumatatu, 19 Juni

Bibi kautangazia mtaa wetu wote wa Kanyenye. Ukinunua vitumbua unapewa na habari ya picha. Nimeandaa maelezo: nitasema dawa za studio zilikuwa zimepita muda, zikamla kichwa na miguu.

Benedikta kapita. Bibi kamweleza habari ya dada na macho yake. Benedikta kaniambia pembeni kwamba angejua, angenipa zamu yake. Ile yake aliyowapigia mafundi wa reli! Nimemchukia mpaka magharibi. Baadaye nikamshukuru, lakini kwa moyo tu, asije akavimba kichwa.

Alhamisi, 22 Juni

Nilitaka kwenda studio kuchukua picha peke yangu. Bibi kagoma. Kavaa na viatu.

Bwana Mfaume, mwenye studio, kaweka picha zangu mezani. Ile ya mikono haina mkono hata mmoja! Kaeleza kwamba kidirisha kiko juu ya lenzi, ukisogea karibu mno unaona hiki, kamera inaona cha chini yake. Nimepiga viatu. Viwili, vyeusi, bizimu zinang'aa, na kivuli changu kimelala juu yake, viwiko nje. Ile ya Minza, niliyodhani nimepiga mawingu, ni Bibi mlangoni. Kichwa mpaka kifuani. Anacheka, pengo lote nje.

Nikafungua mdomo kueleza habari ya dawa. Bibi hanisikii. Kaweka kicheko juu, viatu chini, kavisogeza mpaka vikagusana. Akasema huyu ndiye yeye. Bwana Mfaume akamwambia katikati haipo. Bibi akajibu katikati dada anaijua, walilala mkeka mmoja. Na bora alicheka, kasema, akinuna dada asingemtambua. Akauliza kivuli cha nani. Nikasema changu. Akasema basi dada atamwona na mjukuu. Nikalia, Bibi akalia, Bwana Mfaume akajifanya anatafuta bahasha.

Ahsante Mungu, ahsante Minza, ahsante beseni. Sisogei karibu na mtu tena maishani. Naapa!

Jumamosi, 8 Julai

Saba Saba imepita. Benedikta kashinda. Mafundi wake kila mtu ana kichwa chake na miguu yake. Yangu, nakala ya ile aliyopelekewa dada, ilitundikwa pembeni, jirani na mahindi ya maonyesho, vipande viwili. Chini yake niliandika kwamba ni mbinu ya kukusudia, mtazamaji ajaze katikati mwenyewe. Mwalimu Tekla kasoma, kakohoa. Mzee mmoja wa Ntalikwa akauliza kwa huruma huyu mama alipatwa na nini.

Lakini Lukumani karudi na habari za Ujiji! Dada kaileta picha mpaka puani. Kaona pengo, kacheka. Kisha kashuka kwenye viatu, kakaa hapo hapo, anavipapasa, anasema alhamdulillahi, Sikuzani ana viatu. Bibi anaimba tangu asubuhi. Nimemshika mikono yote miwili, sikuiangalia kama picha hata kidogo. Labda kidogo.

Benedikta naye, mshindi wa kamera, kasema tukifika Nzega ataniachia kamera nimpige mama yake Minza. Nimemkumbatia mbele za watu. Minza kanikumbusha: picha nzima, kichwa mpaka miguu, mama yake hana nyingine. Nikaapa tena, na safari hii kiapo kinatoka moyoni. Minza kafurahi, akanisimulia habari za mama yake, anavyokamua ng'ombe alfajiri, masikio yake yaliyotogwa kizamani, matundu yanayopita kidole.

Nimemuuliza tu, kwa adabu, asubuhi jua linaingia upande gani wa zizi, na kama mama akikaa kukamua sikio la kulia linakuwa wazi.